Karatasi ya Tatu

Asubuhi ya Jumapili, 25 Oktoba 2015, nilipanga foleni kupiga kura katika shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani kwangu. Mbele yangu alikuwa mama muuza vitumbua. Alipokabidhiwa karatasi zake alizigeuza, akazihesabu, moja ya rais, moja ya mbunge, kisha akamkazia macho karani.

"Ya diwani iko wapi?"

"Hapa kwenu hakuna kura ya diwani, mama. Diwani wenu amepita bila kupingwa."

"Amepita wapi?"

Waliokuwamo ndani wakaangua kicheko. Nami niliyekuwa mlangoni nilicheka, tena kwa sauti, maana huyo diwani aliyepita ni mimi. Mama yule hakuwa na utani. Alikuwa na kadi yake mkononi, aliamka alfajiri, akaacha biashara ya vitumbua siku ambayo vingeuzika kuliko siku zote, na alitegemea karatasi tatu. Hiyo ya tatu niliichukua mimi, miezi miwili kabla. Nataka nieleze niliichukuaje.

Mji wetu siutaji jina. Aliyewahi kupanda basi la kutoka Segera kwenda Moshi ameshaupita, pengine akiwa usingizini. Upande mmoja milima ya Usambara, upande wa pili mkonge, na katikati barabara kuu, stendi, misikiti, makanisa, na duka langu la steshenari lililotazamana na ofisi ya kata. Nilikuwa na mashine mbili za fotokopi na jenereta. Watu wa mjini hudhani siri za mji mdogo zinakaa kwa mganga au kwa mtendaji. Hapana, zinakaa kwa mpiga fotokopi. Vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba lililofutwa, hati za viwanja vinavyogombewa, talaka, hukumu za mahakama ya mwanzo, majibu ya vipimo. Vyote hivyo hulazwa kwanza kifudifudi juu ya kioo changu. Nilikuwa na msemo wangu dukani, na wateja waliujua: "Mimi natoa kopi, sisomi." Kwa miaka mingi ulikuwa kweli.

Kwa nini niliutaka udiwani? Mbele ya watu nilisema maendeleo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuitwa Mheshimiwa. Nilitaka nikiingia msibani watu wasogee nipate kiti. Jambo la pili lilikuwa mtaro uliokuwa ukileta maji ya mvua hadi kizingitini kwangu, nikajua diwani hawezi kukosa mtaro mzuri mbele ya duka lake. Zamani kule pwani ya Mrima madiwani walikuwa watawala wa miji, watu wenye viti vyao na heshima zao, na mimi katika fikra zangu nilijiona nimekaa kwenye kile kiti cha kale. Hayo ndiyo niliyogombea, ingawa kwenye fomu hakuna pa kuyaandika.

Tulirudisha fomu wawili tu. Mwenzangu alikuwa nesi mstaafu, mama aliyefanya kazi katika zahanati ya hapa tangu mimi sijaota ndevu. Nusu ya vijana wa kata ile walizaliwa mikononi mwake, na nusu iliyobaki aliwachoma sindano. Kila mtu alimwita Mama Nesi, nami nitamwita hivyo hivyo. Hakuwa na pesa, hakuwa na gari la matangazo, lakini akipita sokoni ilimchukua saa nzima kutoka upande huu hadi upande ule kwa sababu ya salamu. Nilikaa usiku mmoja na daftari, nikaandika mtaa kwa mtaa nani atampa nani. Niliandika kwa upendeleo wangu mwenyewe, na bado nilishindwa.

Siku ya uteuzi ilikuwa Ijumaa, 21 Agosti. Mwisho wa kurudisha fomu saa kumi kamili jioni. Mimi nilikuwa nimerudisha yangu asubuhi, ikiwa na wadhamini kumi na wanane. Sheria inataka wapigakura wasiopungua kumi wa kata hiyo wamdhamini mgombea udiwani. Mwenye busara huweka wa ziada, kwa sababu huwezi kujua nani kadi yake ina kasoro. Umeme ulikatika tangu saa sita. Duka lenye jenereta lilikuwa langu.

Mama Nesi aliingia saa tisa na dakika kama tano hivi, anahema, amebeba bahasha ya kaki. Alicheka aliponiona. "Leo ndiyo umenipata, mwanangu. Mshindani ndiye mwenye mashine." Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Alitaka kopi za fomu yake awe na nakala, na kopi za kadi za wadhamini, ili akiulizwa awe nazo mkononi. Nikazipokea.

Wadhamini wake walikuwa kumi barabara. Nilihesabu bila kukusudia kuhesabu. Hesabu za nesi, dozi kamili, haizidi wala haipungui. Nikaweka ukurasa wa wadhamini juu ya kioo, nikautoa, nikaanza kuweka kadi. Ya sita au ya saba ilikuwa ya mzee mmoja fundi cherehani, jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilikuwa nafahamu kadi yake kwa kuwa pembe yake moja ilikuwa imeungua kwa pasi. Ukurasa wa fomu ulikuwa umelala pembeni, na jicho langu likaenda kwenye jina lake, likaenda kwenye namba. Kwenye kadi palikuwa na 6. Kwenye fomu, mahali pale pale, pameandikwa 8.

Ilikuwa nane iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka, tumbo la chini kubwa, kichwa kidogo kimeinama. Ukiitazama kwa mbali ungeweza kusema ni sita iliyofungwa juu. Kwa karibu ilikuwa nane.

Kalamu ilikuwa pale juu ya meza ya kaunta, imefungwa kwa uzi. Ofisi ya kata ilikuwa hatua hamsini. Muda ulikuwepo wa kutosha. Nilichotakiwa kufanya ni kusema, "Mama, angalia hapa." Mama Nesi alikuwa amesimama mbele yangu akijipepea kwa ile bahasha, akizungumza na msichana wangu wa dukani kuhusu mtoto wake kutapika.

"Ngapi, mwanangu?"

"Elfu moja na mia mbili, mama."

Akanipa elfu mbili. Nikamrudishia mia nane. Akasema Mungu akuzidishie, akavuka barabara.

Kesho yake, Jumamosi, kabla ya saa kumi jioni ambayo ndiyo mwisho wa kuweka pingamizi, nilivuka barabara ile ile. Watu wa chama changu walikuwa wameniambia nikazikague fomu za mwenzangu, kama vyama vyote vinavyowaambia wagombea wao. Siwezi kuwatwika hilo. Wao hawakujua kitu. Ningerudi nikawaambia fomu iko safi, wangeamini. Niliandika pingamizi langu kwa mwandiko mzuri: kwamba namba iliyojazwa kwa mdhamini fulani si ya mpigakura yeyote aliyeandikishwa katika kata hii, na kwamba ukimtoa huyo, mgombea anabakiwa na wadhamini tisa, pungufu ya matakwa ya sheria. Kila neno lilikuwa kweli. Nilikwenda kulala nikijiambia sikudanganya hata neno moja, na nililala vizuri.

Aliyepokea pingamizi alifuata karatasi iliyokuwa mbele yake. Namba haikuonekana daftarini. Mama Nesi akaitwa, akaeleza kwamba mzee yupo, ana kadi, aitwe. Akaambiwa kinachoangaliwa ni kile kilichoandikwa. Angeweza kukata rufaa kwa Tume, ila muda wake ni mfupi, na viongozi wa chama chake siku hizo walikuwa wamezama katika fomu za ubunge. Rufaa haikuandikwa. Jumapili jioni bodaboda walizunguka mji wakipiga honi, nami nikiwa nyuma ya mmoja wao nimeinua mikono yote miwili, kama mtu aliyeshinda kitu.

Hapo pangekuwa mwisho kama ingekuwa habari ya nafasi tu. Lakini mji mdogo hauwezi kuacha tukio bila maelezo. Ndani ya siku tatu ikawa inasemwa kijiweni kwamba Mama Nesi alighushi mdhamini. Kwamba fundi cherehani ni mpigakura hewa. Kwamba kwanza yule mzee ni mtu wa kuja, hajulikani katokea wapi. Maneno hayo sikuyatunga mimi. Yalipofika dukani kwangu, mtu akiyasema huku akisubiri kopi zake, niliendelea kupanga karatasi.

Siku ya nne mzee alikuja. Nilimwona tangu akiwa ng'ambo ya barabara, kanzu na koti lake la siku zote, miwani ya kushonea imening'inia shingoni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa heshima zote. Akatoa kadi yake kwenye kitambaa, akaiweka kaunta.

"Nitolee kopi moja, mwanangu."

Nikatoa.

"Sasa nisomee hiyo namba. Macho yangu haya."

Dukani palikuwa na watu watatu au wanne. Nikaanza na ile herufi T, nikaenda tarakimu moja moja. Nilipofika pale niliisoma kama ilivyo. Sita. Sikupandisha sauti wala kuishusha, ila najua na yeye alijua. Alingoja nimalize hadi mwisho. Akaweka shilingi mia juu ya kaunta, akaikunja kopi mara nne, akaitia katika mfuko wa koti. "Ahsante," alisema. "Nilitaka kuisikia kwako." Akaondoka. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, 2019, hakuingia tena dukani kwangu, ingawa tuliamkiana kila siku.

Mzee yule alipiga kura tangu uchaguzi mkuu wa 1995, wa kwanza baada ya vyama vingi kurejeshwa, na kabla ya hapo alipiga zile za chama kimoja, za kivuli na picha. Kuambiwa yeye ni hewa kulimkaa moyoni.

Watu huuliza, basi ulipoteza nini wewe, si uliupata? Nitajibu. Kampeni za mwaka ule zilianza 22 Agosti zikaisha 24 Oktoba. Siku zaidi ya sitini. Mgombea udiwani hana helikopta wala jukwaa la muziki; kampeni yake ni miguu. Anakwenda mtaa kwa mtaa, anakalishwa mkekani, anapewa uji, anaulizwa kitu asichokijua, anatukanwa kidogo, anaonyeshwa kisima kilichokauka na choo cha shule kilichotitia. Hakuna semina ya madiwani inayofundisha hayo. Siku zile sitini mimi nilikaa dukani nikiwatolea kopi za vipeperushi wagombea wa kata nyingine. Jioni nilipanda gari la chama kwenda kuwapungia watu mkono. Katika kata yangu sikuitisha mkutano hata mmoja. Wa nini?

Nikaapishwa, nikavaa joho. Joho la diwani lina joto sana kwa mji wetu, nalo hukupa mwendo wa polepole ambao watu huudhani ni hekima. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na humo ndimo wenyeviti wa mitaa huleta shida zao zipangwe kwa umuhimu kabla hazijapanda halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa wa ng'ambo ya korongo alileta ombi la kivuko. Mtaa ule umekatwa na korongo linaloshuka kutoka mlimani. Kiangazi unavuka kwa viatu, masika huvuki kabisa au unavuka kwa kuomba dua. Alilileta mara ya kwanza, nikasema tutaliangalia. Mara ya pili nikamwambia alete picha. Mara ya tatu kikao kilikuwa kimechelewa na watu wana njaa, nikaliweka la sita kwenye orodha, nyuma ya mtaro. Mtaro ni ule mnaoujua.

Nyumba za ng'ambo ile zilikuwa nyingi, na huko ndiko Mama Nesi alikoishi. Fikiria mtu anayeomba kura asivuke huko. Haiwezekani. Angekuwa amevushwa mara tano, ameonyeshwa, ameapishwa. Mimi nililijua korongo lile kama neno kwenye muhtasari.

Halafu mambo yakaanza kuhama mikononi mwetu. Kodi ya majengo ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, tangu Julai 2016. Mwaka uliofuata barabara na vivuko vyake vikaenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Niliipenda sana TARURA. Kila aliyeuliza kuhusu kivuko nilimwambia hilo sasa si la halmashauri, nenda TARURA, na lilikuwa jibu la kweli, kama pingamizi langu lilivyokuwa la kweli. Sikusema kwamba tulikuwa na mwaka mzima na zaidi kabla ya hapo. Kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nitapita haraka, maana aibu ina kipimo: niliidhinisha vikundi ambavyo sikuwa najua nyumba ya hata mwanachama mmoja, na kimojawapo kilikuja kujulikana ni ndugu watano wa baba mmoja.

Masika ya 2018 mama yake mwenyekiti wa mtaa wa ng'ambo alifariki. Mwenyekiti yule yule. Makaburi yako upande huu wa mji, kwa hiyo jeneza lazima livuke. Nilikwenda, nikasogezewa kiti, kama nilivyotamani. Wakati wa kutoka niliwahi kushika mbele, upande wa kulia, mahali ambapo watu wote wanamwona diwani wao amebeba. Tukateremka. Maji yalikuwa ya kahawia, yanafika mapajani, yanakwenda kwa nguvu. Wanaume walikuwa wamejipanga pande mbili na kamba. Nikapandisha kanzu, nikaingia na jeneza.

Katikati ya maji mtu nyuma yangu akasema taratibu, kwa heshima, "Mheshimiwa, shika kushoto, hapo mbele kuna shimo."

Nilikuwa nimeshapiga hatua. Niliingia hadi kifuani. Jeneza likainama upande wangu na nikasikia kitu ndani yake kikiteleza. Mikono kumi ikalidaka, ikaliinua, ikalivusha. Mimi nikavutwa na kijana mmoja kwa ukosi wa kanzu. Hakuna aliyenilaumu. Kitu kilichonimaliza ni kwamba kila mtu katika msafara ule, hadi watoto waliokuwa wamesimama ukingoni, alijua shimo lile liko wapi. Mtoto mmoja akamwuliza mwenzake, "Kwani yule hajawahi kupita hapa?" Nilikuwa na zaidi ya miaka miwili ya udiwani.

Mwaka 2020 nilichukua fomu tena. Kwenye kura za maoni za chama nikapata kura tatu za wajumbe. Ulikuwa mwaka ule ambao nchi nzima ilisema wajumbe si watu. Mimi nasema walikuwa watu kabisa. Moja ni yangu, mbili sijui za nani. Aliyepita akaenda kwenye kampeni, akavushwa korongo kama inavyotakiwa, na kivuko cha zege kipo leo. Kina vyuma pembeni.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa Mama Nesi. Nilipita juu ya kivuko hicho. Nilimkuta barazani ana ungo, anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, karibu, kaa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi na yote yakanitoka, nikasema tu kwamba ile namba niliiona siku ile dukani, kabla hajavuka barabara.

Aliendelea kuchambua. Akatoa kokoto moja, akaitupa uani.

"Uliiona."

"Niliiona, mama."

"Pale pale mashineni."

"Pale pale."

"Na chenji ukanipa."

Sikuwa na jibu. Akaniambia kwamba baada ya pingamizi alifunga safari kwenda kupima macho, akanunua miwani mipya, kwa sababu alijiona amezeeka kiasi cha kutoweza kunakili namba, yeye aliyepima dawa za watoto kwa tone. Alimwomba mzee msamaha kwa ajili ya macho yake. Hakuwahi kudhani kuna mtu mwingine aliyeiona namba ile kabla ya muda kwisha.

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza mara mbili. Alisema yeye hana anachonidai, udiwani wenyewe ulimchosha kabla hajaupata. "Lakini yule mzee amekufa akiitwa hewa," akasema. "Watoto wake wapo hapa mjini. Umekuja kuniambia mimi hapa barazani, tuko wawili, hata kuku hawasikii. Yeye mlimsema mbele za watu." Akanionyesha njia kwa kidevu, kwa upole, kama mgonjwa aliyekwisha kuandikiwa dawa.

Hiyo dawa nimekaa nayo muda mrefu. Ilinitisha. Nilijipa sababu: biashara, watoto, wakwe. Kisha nikasoma kwamba sheria ya uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani ya mwaka 2024 imeuziba mlango nilioupitia mimi. Sasa mgombea akibaki peke yake hapiti hivi hivi. Anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Yule mama wa vitumbua angepewa karatasi yake ya tatu, na mimi, kwa ninavyomfahamu, ningepigiwa hapana. Nilipomaliza kusoma niliona sina tena sababu ya kungoja.

Kwa hiyo nasema mbele za watu, kwa watoto wa marehemu fundi cherehani na kwa kila aliyewahi kulirudia lile neno kijiweni. Baba yenu hakuwa hewa. Alikuwa mpigakura halali wa kata yetu, alimdhamini Mama Nesi kwa hiari yake na kwa saini yake, na kadi yake, ile yenye pembe iliyoungua, ilikuwa sahihi. Mama Nesi hakughushi kitu. Mkono uliteleza kwenye tarakimu moja. Namba ilikuwa sita. Niliiona saa tisa na robo, nikiwa na dakika arobaini na tano za kusema.